Nusu ya Pili ya Mhunzi

Kazi ya Koili ilikuwa kusuka mota zilizoungua, na kama hujawahi kuifanya, tafadhali usiniambie kazi yako inachosha. Mota ya pampu inaletwa inanuka moshi. Unang'oa waya wa shaba ulioungua, unakwangua, unakata karatasi za kuzuia shoti, unasuka koili mpya ya waya uzi kwa uzi, unapaka vanishi, unangoja ikauke, halafu mwenye mota anakuja anauliza mbona umechelewa. Shingo inauma, macho yanawasha, ncha za vidole zimepasuka. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Koili, na jina alilopewa na baba yake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Akitoka kazini, mama yake anamngoja amkande miguu. Binti yake ana hesabu zisizotaka kutoka. Jirani naye pasi yake imekufa: "Koili, dakika moja tu, mwaya." Dakika moja tu! Watu wanadhani fundi ni bomba, ukifungua anatoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo wa Koili ulionekana usufi kwa kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

Alikuwa na mahali pamoja tu pa kupumzika: chumbani kwa mdogo wake wa kiume, Jumapili alasiri. Huyo walimwita Kasuku tangu utotoni, kwa sababu hakunyamaza hata akiwa anatafuna. Kasuku ndiye aliyewaletea mchezo. Mmoja anasimulia nchi ambayo haipo, yenye majoka na minara na misitu inayohamahama. Wengine kila mmoja ana mtu wake humo ndani. Anasema mtu wake anafanya nini, na dadu yenye nyuso ishirini inaamua kama amefaulu. Msimulizi siku zote alikuwa Kasuku. Wachezaji walikuwa mke wa Kasuku, yaani wifi yake Koili, aliyekuwa mchawi mwenye dharau. Kinyozi wa kona, aliyekuwa mwizi mwoga. Na Koili, aliyekuwa mhunzi. Ndiyo, hata kwenye nchi ya majoka alijipeleka karakana! Lakini huko hakuna aliyemtegemea. Msimulizi alibeba kila kitu, na yeye kazi yake ilikuwa kuulizwa tu, "Unafanya nini?" akajibu.

Kasuku alikuwa na sheria moja asiyoilegeza. Kifaa chochote kinachoundwa kiwe na nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ufundi: muundaji aeleze kwa mdomo wake kinavyofanya kazi, kipande kwa kipande. Nusu ya pili ni uchawi, na uchawi hauelezeki, unalipiwa: mtu wako anatoa kitu anachokipenda, na kikienda hakirudi. "Mkono mtupu haulambwi," Kasuku alipenda kusema. Kifaa cha nusu moja, nchi ile hukitafuna.

Koili hakuwahi kuilipia nusu ya pili. "Mimi fundi, siyo mganga," alisema. Aliwahi kuunda punda wa chuma, akaeleza kila springi na kila jino la gia mpaka kinyozi akasinzia. Daraja la kwanza tu, punda akaachia bolti zote akaingia korongoni na chakula chao chote. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," kinyozi alimfariji, huku machozi ya kicheko yakimtoka. Wifi akawa anamkumbusha punda yule kila wanapokutana. Koili alicheka nao, lakini hakubadilika. Wiki nzima alikuwa anatoa, jamani. Hakuwa tayari kutoa hata mchezoni.

Kisha Kasuku akaugua. Misuli ilianza kulegea, mikono kwanza, halafu koo. Daktari alisema wazi kwamba sauti inakwenda na haitarudi. Koili akafanya analolijua: akamtengenezea kipaza sauti, maikrofoni ndogo ya kuvaa shingoni na spika aliyoitoa kwenye redio mbovu. Kwa muda kikasaidia. Lakini kipaza sauti hukuza kilichopo, na kilichopo kilizidi kupungua. Koili alizidi kuzungusha kitufe cha sauti, na spika ikazidi kukoroma kuliko kusema.

Jumapili moja alifika amechoka mpaka hakuvua viatu. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, akaegemeza kichwa ukutani, akasubiri kubebwa.

Kasuku alisimulia polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Safari yao ilikuwa imefika kwenye mji ambao kengele yake imekuwa bubu. Kengele isipolia, watu wa mji wanasahau njia ya kurudi nyumbani, na tayari walikuwa wanazunguka mitaani kama kuku waliopotelewa na banda. Ilitakiwa kuundwa kengele nyingine.

"Mhunzi," ikakoroma spika, "unafanya nini?"

Koili akaamka. Akaeleza koili ya shaba, sumaku, ngozi iliyowambwa kwenye duara la chuma, na jinsi ngozi ile itakavyotikisika mpaka sauti ifike milimani. Alieleza vizuri, mikono ikisuka hewani, na uchovu ukamwachia kidogo.

"Nzuri," Kasuku akasema. "Na nusu ya pili?"

"Ah, tumeanza. Haya, natoa fuawe langu, lile la kufulia chuma."

Kasuku akatikisa kichwa. Fuawe hununuliwa lingine.

"Punda wangu."

"Punda marehemu!" wifi akadakia. "Hata haya huna, wifi yangu?"

"Basi natoa uchovu wangu wote. Uchukueni, mgawane."

Wakacheka, hata Kasuku. Akavuta pumzi, akangoja kicheko kipite. "Dada, uchawi haulipwi kwa takataka. Toa unachokipenda."

"Sasa wewe unataka nini kwangu?" Koili akauliza, na sauti ilikuwa imeshapanda. "Sema!"

Kinyozi akaanza kukagua kucha zake. Wifi alikuwa anatazama sakafu, na Koili akajua kwamba wifi anajua.

"Mhunzi," Kasuku akasema. "Mtoe mhunzi aingie kwenye kengele."

"Nikimtoa mhunzi, nabaki na nani?"

Jibu alilijua mwenyewe. Katika chumba kile mtu mmoja tu hucheza bila kuwa na mtu wake ndani, na huyo ndiye anayesimulia.

Koili akasimama. "Hata hapa?" akasema. "Kazini mimi, kwa mama mimi, pasi ya jirani mimi. Nina kiti kimoja duniani ambacho nikikikalia siulizwi, na wewe unakitaka?"

"Ndiyo, dada," Kasuku akasema. "Sina mwingine."

Koili akatoka akaenda uani. Akasimama karibu na pipa la maji, akalia kwa hasira, kilio cha mtu asiyetaka kubembelezwa. Alimchukia mdogo wake kwa muda mfupi, kisha akaogopa sana, kwa sababu kutoka pale aliisikia spika ikikoroma ndani, na hakuweza kutofautisha maneno. Akanawa uso, akarudi.

"Mhunzi anapanda mnarani," akasema akiwa bado mlangoni. "Anafunga koili, anawamba ngozi. Kisha anavua aproni, anaingia ndani ya kengele, anaifunga kwa ndani."

"Inalia?" kinyozi akanong'ona.

"Inalia," Kasuku akasema. "Iliyolipiwa hairushiwi dadu." Akamwomba mkewe amvue maikrofoni. Wifi akaizima spika.

Kwa mazoea, kinyozi akamgeukia Kasuku. "Sasa tunaona nini?"

Kasuku akamtazama dada yake.

Koili alikaa. Shingo ilimuuma, na kichwani hamkuwa na joka wala msitu. Akasema alichokijua. "Mnaona mlango wa chuma chini ya mnara. Umekula kutu kwenye bawaba. Ya juu imekatika, kwa hiyo umelalia upande mmoja. Nyuma yake kuna kitu kinazunguka, kama mota, lakini hakuna waya unaoingia."

Wifi akaivuta shuka ya mumewe kifuani. Wote walisubiri nani ataanza. Kisha midomo ya Kasuku ikasogea, na Koili akalazimika kuinama mpaka sikio likamfikia mdomoni.

"Mimi," mdogo wake akasema. "Naufungua."

Miaka yote ile hakuwahi hata mara moja kuwa mchezaji.

Koili akaichukua dadu, akaiweka kwenye kiganja cha mdogo wake, akamkunjia vidole kimoja kimoja. "Rusha basi," akamwambia. Kiganja kikafunguka chenyewe, dadu ikadondoka juu ya blanketi, na wote wakainama kuangalia.