Suruali Niliyoibana Mwenyewe

Hadi leo nikisikia cherehani mahali, nakumbuka kiangazi kimoja mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipoingia mafunzo ya awali katika chuo cha maofisa wa jeshi hapa Kigali. Mimi mtoto wa Nyamirambo, mama yangu fundi nguo, nilipewa suruali pana kama gunia. Nikajiambia aliyeikata hajui kazi. Jumapili ya kwanza tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, nikaibana kwenye cherehani ya mama, ikanikaa kama ya bwana harusi.

Sajini wetu, mtu asiyecheka, alinizunguka mara mbili.

"Hii nguo iko sawa. Nani alirekebisha?"

"Mimi, sajini."

"Basi na yangu."

Yake niliibana kwa sindano ya mkono, wenzangu wakiandika barua kwao. Kwa maringo niliyokuwa nayo wiki ile, hata salamu nilikuwa naitikia kwa shida.

Siku mkuu wa chuo alipokuja kututazama, sajini aliamuru tutembee tumechuchumaa, naye akachuchumaa mbele yetu atuonyeshe. Nilisikia suruali ya sajini ikipasuka mbele yangu, kisha yangu mwenyewe ikapasuka matakoni. Ndipo nikaelewa ule upana ulikuwa wa nini.

"Simameni," mkuu akasema taratibu. "Fundi wenu ni nani?"

Mstari mzima ulinigeukia. Ilinibidi nipige saluti, na mkono wa saluti ndio uliokuwa umeziba mpasuko wa suruali. Nikauinua. Kikosi kizima kikaiona chupi aliyonishonea mama kwa mabaki ya pazia letu la sebuleni, lenye maua mekundu.