Wifi Ameipeleka Ndoa Yangu Gazetini

Admin, naomba unifichie jina. Nina miaka ishirini na tatu, nimemaliza kidato cha nne, na nina miezi mitano kwenye ndoa ambayo, Mungu ni shahidi, ni tamu kuliko nilivyoiota.

Mume wangu ana mashine ya kukamua alizeti hapa Ilongero. Nikitoka shamba jioni ananichemshia maji, ananikalisha kwenye kigoda na kuniosha miguu kwenye beseni la bluu, kidole kimoja kimoja. Ananiita Alizeti, eti kila anakopita uso wangu unageukia huko. Wanaume wa hivi wapo jamani, mimi ninaye!

Siku ya kufundwa, shangazi zangu walinionya ya chumbani yasitoke nje, likinizidi nimpelekee wifi. Mimi sikuzidiwa na shida, nilizidiwa na raha. Wifi huyu ndiye aliyemlea mume wangu baada ya wazazi kufariki, aliacha shule ili yeye asome. Ni fundi cherehani Singida Mjini. Kila Jumamosi nilipanda boda kwenda kwake, tukichambua mchele ananiuliza, "Enhe wifi, wiki hii mdogo wangu kakufanyia nini?" Nami domo wazi, namwaga yote.

Sasa kule mashineni wateja wanaosubiri zamu wana gazeti lao la hadithi la kila Ijumaa, mmoja anasoma kwa sauti. Ikaanza hadithi mpya ya ndoa, mwandishi ana jina la kiume. Mume anamwosha mke miguu. Beseni la bluu. Anamwita Alizeti. Ila humo mume kalishwa limbwata, na mke kila Jumamosi anaenda mjini kwa bwana wake, dereva wa boda.

Mnawajua watu. "Bosi, maji yamechemka?" "Alizeti kageukia wapi leo?" Mume wangu akarudi nyumbani, akauliza tu, "Umemwambia nani?" Nikajibu sijamwambia mtu. Tangu siku hiyo beseni linaning'inia ukutani, na Jumamosi ikifika ananitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona.

Nilimshuku jirani, nikadhani anatuchungulia. Nikaenda kulia kwa huyo huyo wifi! Akanikumbatia, akanibembeleza, akauliza, "Na siku zako unaziona?" Nikamwambia yeye peke yake kwamba nina mimba. Mume wangu nilitaka nimpe habari hiyo siku atakayocheka tena.

Jumamosi iliyopita wifi akanituma mkasi kwenye droo. Nikakuta daftari, mwandiko ule ule anaoandikia vipimo vya wateja. Ni hadithi ile, sehemu ya Ijumaa hii. Alizeti ana mimba ya dereva wa boda.

Nikamwuliza, "Wifi, kumbe ni wewe? Hilo jina la kiume gazetini ni lako?"

Hata hakushtuka. "Sasa ulitaka niandike mnaoshana miguu mpaka lini? Raha haina sehemu ya pili, wifi. Watu wanasubiri mke aharibikiwe."

"Mdogo wako anachekwa!"

"Mwambie basi. Na mimi nitamwambia nani alikuwa ananiletea ya chumbani kwake, tena anacheka."

Huyo ndiye mama wa familia, kanisani anakaa mbele. Ana moyo wa nyoka. Simpendi, na shikamoo yangu hataipata tena. Lakini alilosema ni kweli, mdomo ulikuwa wangu.

Leo ni Jumatano. Nikinyamaza, keshokutwa mume wangu atasikia habari za mwanawe kwa watu wa mashineni, na huyo mtoto atazaliwa akiitwa wa boda. Nikisema, namgombanisha na dada yake wa pekee, na atajua nilimdanganya.

Nimelishusha beseni. Maji yako jikoni, na leo nataka nimwoshe yeye miguu. Nampenda huyu mwanaume mpaka naogopa. Akishakaa kwenye kigoda, nianze na lipi jamani: mimba, dada yake, au mdomo wangu? Niambieni, bado kidogo atarudi.