Rubisi ya Moshi Mweusi

Kwetu Kanoni, miaka ile kabla ya uhuru, hakuna aliyechoma takataka. Maganda ya ndizi, nyasi chakavu za kutandika sakafuni, samadi, vyote vilirudi mgombani. Takataka za kuchoma nilizileta mimi, mpumbavu mimi, kutoka nyuma ya duka nilikokuwa nikipima chumvi na mafuta ya taa: vipande vya tairi, betri za tochi zilizokwisha, na magunia yenye mabaki ya dawa ya wadudu wa kahawa.

Nilikuwa na haraka ya kuoa. Wakwe wa Ihembe walitaka rubisi, pombe yetu ya ndizi, ifike Jumapili, na ndizi zilikuwa bado mbichi shimoni. Huivishwa kwa moshi wa kuni unaopitishwa chini ya shimo. Mvua ilikuwa imelowesha kuni zote.

"Subiri jua," mama akasema.

"Jua ndilo litakalonipa mke?"

"Haya, bwana mjuaji."

Nikawasha takataka zangu. Ziliwaka, tena kwa fujo! Lakini moshi haukupanda. Ulitoka mweusi, ukalala kati ya migomba, ukakaa humo siku mbili kama mgeni asiyeaga. Asubuhi ya tatu mzinga wa baba ulikuwa kimya. Nikatega sikio: hola. Nyuki walikuwa chini, wamekufa, na kuku waliwapita bila kudonoa. Migomba iliyozunguka shimo ilikuwa imekunja majani.

Ndizi zenyewe ziliiva, njano safi. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Tulipozikanyaga kukamua maji yake, nilingoja nyuki wa jirani na vile vijinzi ambavyo siku zote hutuingia hadi puani. Hakikuja kitu. Baba alinitazama. Mimi nikatazama miguu yangu.

Kule Ihembe, baada ya shikamoo na utani, mtungi uliwekwa katikati. Kwa desturi baba wa mwoaji huonja kwanza, wakwe waone haina sumu. Baba akachotewa kata. Akainusa. Nilijua kwamba amejua. Nilitaka kupiga kelele, "Tata, acha!" Aibu ikanifunga mdomo. Akanywa yote, akajifuta midomo.

"Tamu," akasema.

Kisha akainuka, akayumba, akauangukia mtungi kwa uzito wake wote. Rubisi ikamwagika hadi tone la mwisho. Wakwe wakaangua kicheko: lo, mzee kalewa kwa kata moja! Wakatukabidhi binti hivyo hivyo, kwa furaha.

Baba alitapika njia nzima ya kurudi. Tulimzika kabla kahawa haijaiva, na hakuwahi kuniuliza nilichoma nini.

Mpaka leo mke wangu huwasimulia wajukuu jinsi baba mkwe wake alivyolewa siku ile. Wanacheka mpaka machozi. Nami hucheka nao.