Mapacha Waliopishana Miaka Sita

Jambo zima lilinigharimu viapo viwili vinavyopingana, safari mbili za Katoro, jogoo mmoja na miaka sita ya umri wangu. Nimehesabu mara mbili. Jogoo simjutii, alikuwa mgomvi.

Miaka sita niliipunguza mwenyewe. Kiwanda cha umma cha kuchambua pamba, pale Shinyanga, kilitaka makarani wa mizani wasiozidi miaka ishirini na mitano. Mimi nilikuwa na thelathini na mmoja. Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho, na nani alikuwa nacho? Mjomba akaapa mbele ya hakimu kwamba nilizaliwa mwaka fulani, mwaka ambao kwa kweli nilikuwa tayari nachunga ndama. Jogoo akaenda kwa aliyetuandikia kiapo. Nikaajiriwa.

Pacha wangu aliajiriwa kiwanda hicho hicho kwa umri wake halali. Yeye alikuwa fundi wa mashine, na kwa mashine walitaka mtu mzima.

Zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyetusumbua. Mfuko wa zamani wa wafanyakazi ulikuwa wa akiba: unakatwa, mwajiri anaongeza chake, siku ya kuondoka unapewa fungu lako kwa mkupuo. Mfuko ule ulihesabu shilingi. Kisha, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, tukaambiwa akiba imegeuzwa pensheni, mtu atalipwa kila mwezi mpaka afe. Mfuko wa namna hiyo hauhesabu shilingi tu, unakuhesabu na wewe.

Pacha wangu alikuwa ameshastaafu, yuko Katoro anauzia wachimbaji sabuni na betri za tochi. Mashimoni hawezi kushuka, mguu wake uliliwa na mkanda wa mashine. Alikuwa anasubiri pensheni ya kwanza siku ofisa wa mfuko alipokuja kiwandani kuhakiki mafaili. Binti mdogo, mwenye miwani, Msukuma mwenzetu. Angetoka kwingine huenda tungepona. Kwetu mapacha hawachaguliwi majina: anayetangulia ana lake, anayefuata ana lake, ukoo wowote, dini yoyote. Akayaweka mafaili yetu mawili pamoja. Baba mmoja, mama mmoja, majina ya mapacha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Huyu ni nani yako?"

"Ndugu yangu. Tunafuatana."

"Kwa muda gani?"

Mwerevu angenyamaza. Mimi nikasema, "Inategemea unamuuliza nani."

Hakucheka. "Yaani mama alimzaa huyu, akapumzika miaka sita, ndipo akamalizia wewe?"

Foleni nzima nyuma yangu ikaangua kicheko. Nikajaribu njia ninayoijua. "Binti yangu, tusifike mbali. Mimi naongeza mitatu, yeye anapunguza mitatu, tunakutana katikati."

"Baba, huu ni umri, si mbuzi wa mnadani." Akafunga mafaili yote mawili kwa kamba. "Mmoja wenu anadanganya, na mimi si mkunga. Halipwi mtu mpaka nijue."

Hapo kicheko kilinikauka. Pensheni yangu ningeweza kuisubiri. Ya mwenzangu ilikuwa ndiyo chakula chake.

Jioni mhasibu wa kiwanda akaniita, akafunga mlango. Alikuwa mtu wa kunyoosha kola, siku ile kola ilikuwa imejikunja na hakujali.

"Mzee, nakuomba. Kaa kijana."

"Nikae kijana vipi?"

"Shikilia umri wa kwenye faili. Ukizeeka wiki hii, inabidi tupeleke michango yako yote kwenye mfuko. Na hatujaipeleka."

"Mbona kila mwezi nakatwa?"

Akatazama dirishani. Pamba siku hizi ilinunuliwa na matajiri binafsi huko huko vijijini, mashine zetu tatu zilikuwa zimelala. "Tulikata, tukalipia umeme. Tukalipia mishahara yenu hiyo hiyo. Sasa sheria mpya ina tozo kwa kila mwezi uliocheleweshwa. Na ukiapa kwamba ulidanganya umri, barua ya kukufukuza nitaiandika mimi."

Kesho yake nikapanda lori mpaka Kahama, nikalala, nikafika Katoro vumbi limenipaka kama mwanasesere wa udongo. Naona aibu kusema nilichokwenda kuomba. Nilimwomba pacha wangu aape kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Alikuwa anapanga vipande vya sabuni. Akaacha. "Nipunguze miaka sita? Nirudi kazini na mguu huu?"

"Hawatakurudisha. Ni karatasi tu."

"Nikiwa sijafika hamsini na mitano, nastaafu kwa lipi? Nilikutangulia kwa muda wa kukata kitovu. Kitovu, wewe!" Akanionyesha debe la unga, limebaki robo. "Mwezi wa nne huu nasubiri pensheni. Mke wangu anaponda mawe ya dhahabu ya watu, umri wake unaujua."

Ningebishana na maneno. Na debe sikuweza kubishana.

Nikarudi. Kabla ya kwenda kwa hakimu kurudisha miaka yangu sita nilipitia kwa mhasibu, kwa sababu anayekwenda kuuza kichwa chake lazima aulize bei kwanza. Mezani akaweka barua mbili, ya kufukuzwa na ya kustaafu, zote hazina saini.

"Ukinifukuza," nikamwambia, "yule binti ataniuliza sababu, nami nina mdomo. Akianza kwangu ataendelea kwa wengine wote."

Akaivuta ile ya kustaafu. "Staafu. Lakini michango usiiulizie mwaka mzima. Kwa mtu yeyote."

"Miezi sita."

"Kumi."

"Minane, na nauli ya Katoro."

Tukaishia minane bila nauli. Akasaini. Nikaenda kuapa ukweli peke yangu, bila mjomba na bila jogoo.

Pacha wangu alilipwa, na malimbikizo yake juu. Mimi mfuko ulinijibu kwa upole kwamba kwenye vitabu vyao mwajiri wangu aliacha kunichangia muda mrefu, na miezi iliyopo haitoshi mtu kulipwa pensheni. Nikataka kusema ninachokijua. Nikakumbuka nimekiuza.

Mwezi wa tano wa ukimya nikasikia mashine zinapigiwa bei, na mhasibu anatafuta kazi Mwanza. Nikapanda tena lori. Pacha wangu akanikaribisha kiti, akaamuru chai iletwe, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Imebaki miezi mitatu," nikamwambia. "Nikiisubiri, kiwanda kitakuwa kimeuzwa na wa kumdai hayupo. Nikisema leo, ile barua yangu wanaweza kuibatilisha, na kwa kuwa mafaili yetu yalifungwa kamba moja, na lako wakalifungua upya. Wewe ndiye mkubwa. Nishauri, nifanyeje?"