Nafasi ya Bibi kwenye Wimbo

Studio yangu ya kwanza ilikuwa stoo ya nywele. Mama anasuka pale Troyeville, huku kusini tulikohamia, saluni ya viti vitatu na kioo kirefu, na chumba cha nyuma ndipo anapoweka paketi za rasta, zimepangwa kutoka sakafuni hadi darini. Wenzangu huita mafundi waje kuwabandikia masponji ukutani ili sauti isirudi. Mimi nilikuwa na rasta nyeusi, za kahawia na zile nyekundu za Desemba, nazo zilimeza mwangwi bila kudai asante. Mle ndani, kompyuta mapajani, nilitunga, nikaimba, nikatengeneza biti mwenyewe, mpaka wimbo mmoja ukachomoka ukaenda redioni. Siku niliyousikia ukitoka kwenye spaza, kile kiduka cha ng'ambo ya barabara, nilisimama pale kwenye robot, zile taa za barabarani, kijani imeshawaka, magari yananipigia honi, nami nacheka peke yangu. Wacha wapige honi, bwana. Ule ulikuwa wimbo wangu.

Sisi ni Wambuti, watu wa msitu ambao wengine huwaita mbilikimo. Jina hilo ninalitaja mapema kwa sababu mama yangu hakuwahi kulisema. Wateja wake wengi ni Wakongo wenzetu wa mashariki, na swali la kwenu ni wapi huja kabla kitana hakijagusa kichwa. Mama hujibu: Bunia. Basi, anaishia hapo. Bunia ni mji aliotokea kweli, lakini kwao ni msituni, Ituri, na anajua jina letu likoje midomoni mwa watu. Ni tusi. Mtoto asiyerefuka anaitwa hivyo, mtu asiyejua adabu ya mezani anaitwa hivyo. Kuna mama mmoja wa kanisani, mteja wetu wa kila mwisho wa mwezi, aliyewahi kusema akiwa kwenye kiti chetu, kichwa chake mikononi mwa mama, kwamba hawezi kumruhusu Mmbuti hata amshikie sahani. Mama aliendelea kusuka. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshafungua mdomo nimjibu, na jicho alilonitupia lilinirudisha stoo mbiombio. Baadaye akaniambia, kwa ule upole wake wa kuudhi, kwamba vichwa vile ndivyo vilivyonisomesha.

Wimbo wangu ulipopata miguu, bwana mmoja wa kampuni ya muziki akanitafuta. Mtu wa viatu vizuri, kila sentensi yake inaishia na sharp, sharp, yaani sawa kabisa. Alitaka wimbo mpya, na alitaka niuimbe kwenye onyesho kubwa la mjini. Nikamweleza ninaoutaka: ule ambao mama huuimba saluni ikiwa haina mtu, hauna maneno, ni sauti tu zinazopanda na kushuka. Nikamwambia pia kwamba nitatangaza wazi kuwa ni wimbo wa Wambuti, na mama ataimba nami. Yule bwana akakubali chapuchapu. Aliyebaki ni mama. Kurekodiwa alikubali. Kutajwa kabila alikataa katakata. Niimbe ninavyotaka, akasema, ila yeye nimwache na Bunia yake.

Hapo nikafanya kosa la mtu aliyejifunzia muziki kwenye kompyuta. Nilimweka mama stoo, hedifoni masikioni, biti ikigonga, nikafunga mlango. Mpango wangu ulikuwa aimbe sehemu yake peke yake, siku nyingine mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja anayeishi Diepsloot, aje aimbe yake, kisha mimi niziunganishe. Ndivyo tunavyofanya wote siku hizi. Mama akatoa sauti mbili, akanyamaza. Akatoa moja, kimya tena. Nikadhani anaona haya. Kumbe wala. Kwetu hakuna mtu mwenye wimbo mzima. Kila mmoja ana kipande chake kifupi, anakitupia kwenye nafasi aliyoacha mwenzake, na wimbo unatokea katikati yao. Mama alikuwa anawaachia wenzake nafasi, na wenzake hawakuwemo.

Akavua hedifoni, akaniwekea mapajani. "Umenifungia peke yangu kama mgonjwa," akasema. "Nitamwitikia nani?"

Lakini mimi na kichwa changu kigumu! Nikavikatakata vile vipande, nikavinyoosha, nikavirudufu mpaka mama mmoja akawa kumi. Bwana wa kampuni alifurahi karibu aruke. Nikamsikilizisha mama akiwa anaosha vitana. Alisikiliza mpaka mwisho, maji yakimchuruzika viganjani, kisha akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Eish. Nilinuna siku nzima. Halafu nikausikiliza upya, nikakubali kwamba hakukosea. Wale mama kumi walikuwa wanasema wote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anasikiliza. Nikafuta kila kitu. Bwana wa kampuni nilipomwambia, ile sharp yake ikamkauka mdomoni. Akanisihi kwamba onyesho limekaribia, kwamba ile nakala aliyobaki nayo inatosha, kwamba nani atajua. Nikamjibu kuwa atakayejua ndiye anayenisuka mimi, na kwamba bila ndugu zangu kuimba pamoja, jukwaani sipandi. 

Jumapili baada ya ibada saluni ikafungwa. Mama mdogo alitoka Diepsloot na binti zake wawili, wale wanaoelewa Kiswahili chote ila ukiwauliza wanakujibu Kizulu. Hedifoni niliziacha stoo, biti nikaizima. Mama akasema mikono mitupu haiimbi, akamkalisha mdogo wake kitini akaanza kumsuka, binti wakashika huku na huku. Nikakitundika kipaza sauti kimoja juu ya kile kichwa, nikawaambia nipo tayari. Hakuna aliyehesabu. Mama alitoa sauti, mama mdogo akaidaka, binti wakaingia kati, vidole vikienda na wimbo, wimbo ukienda na vidole, mpaka sikujua tena ipi ni sauti ya nani. Kisha nikagundua kitu. Kila mzunguko ulikuwa na mahali ambapo wote walinyamaza kwa pamoja, na kila mara mama aliutazama mlango.

Nikauliza pale pana nini.

"Pale ni pa bibi yako," mama akasema. "Alibaki."

Alibaki kule msituni, na kule ndiko alikozikwa, bila sisi. Miaka yote ile niliyokuwa nikimsikia mama akiimba na kunyamaza, akiimba na kunyamaza, alikuwa anamwachia mama yake nafasi. Nililia, sina sababu ya kuficha. Nikajipangusa kwa taulo la saluni, nikasogea kwenye kiti, na mzunguko ulipofika pale nikaingia. Mama hakuacha kusuka. Alicheka tu, kicheko chake kikaingia kwenye rekodi, na hadi leo kimo humo. Yule bwana alitaka nikiondoe. Nikamwambia ajaribu aone.

Siku ya onyesho ukumbi ulifurika. Mama mdogo na binti walipanda nami. Mama alikataa. Alikaa viti vya mbele kati ya wanawake wa kanisani, yule mteja wa mwisho wa mwezi akiwa pembeni yake, wamekuja kwa sababu binti wa saluni anasikika redioni. Sikumlazimisha, na jina letu nililiweka hadi mwisho wa wimbo. Ila mama mdogo alinionya mapema kwamba sehemu ya mtu haijazwi na mwingine akiwa hai na yumo ndani. Tukaanza, na zamu ya mama ilipofika tukaiacha tupu, mbele ya umati wote ule. Mzunguko ukapita. Wa pili ukapita. Kule pembeni bwana wa kampuni ananipungia mikono nijaze, nijaze! Nikamgeuzia mgongo. Nilikuwa nimeapa: asipoingia, wimbo utakwenda na pengo lake na watu walisikie.

Akaingia. Sauti ilitoka vitini, kavu, bila kipaza sauti, ikatua palepale panapotakiwa. Watu wakageuka. Mama alikuwa ameshasimama, mkoba mkononi, anaimba huku anawapita wenzake magotini, akapanda ngazi akasimama nasi. Ukumbi ulilipuka. Wimbo ulipokwisha alikivuta kipaza sauti kwake, akasema kwa Kiswahili, polepole, kana kwamba anaagiza kitu dukani.

"Wimbo huu ni wetu, sisi Wambuti. Na huyu ni mtoto wangu."

Waliojua Kiswahili na wasiokijua walipiga kelele sawasawa. Nilijua siku ile kwamba nimeshinda, na kwamba hakuna tuzo itakayokuja kunipa raha kama hiyo. Tuzo zimekuja, na sikukosea. Siku hizi nikienda Fordsburg kununua waya, wimbo unapigwa maduka matatu kwa mpigo, na bado ninatunga katikati ya rasta.

Mwisho wa mwezi uliofuata lile onyesho nilikuwa mle stoo, mlango wazi. Wateja wawili walikuwa wameacha kuja tangu mama aseme yale jukwaani. Yule mama wa kanisani akatokea, akasimama kwenye kizingiti cha saluni, hakuingia. Kwenye onyesho alikuwa ameondoka bila kuaga. Akamuuliza mama kama ni kweli, au yalikuwa mambo ya jukwaani tu.

Nilizima muziki.

"Mimi ni Mmbuti," mama akasema, akikipangusa kiti. "Karibu ukae, mama. Na leo uinamishe kichwa vizuri, mara ya mwisho ulinisumbua."

Yule mama akaiangalia barabara, akakiangalia kiti. Kisha akaingia, akakaa, akainamisha.