Akida Alipoiposa Nyumba ya Bigwa

Mwaisha wa Bigwa alikuwa na ulimi mkali na nyumba kubwa, na haikujulikana kipi kilimletea maadui zaidi. Nyumba aliirithi kwa mama yake, na mama kwa bibi, aliyeijenga kwa kuwauzia chakula watu wa misafara. Ilikuwa na kuta nene za mawe, vyumba tele, baraza pana yenye nguzo za mninga, na mlango wa kuchongwa uliobebwa mabegani toka Bagamoyo. Bibi alitaka mlango wa kisultani, na wapagazi waliona cha moto.

Sasa nchi ilikuwa ya Mdachi, yaani Mjerumani, na pale Bigwa aliyemtawalia na kumkusanyia kodi alikuwa Akida Yunusi, mtu wa pwani, kanzu nyeupe, tumbo limetangulia. Kila akipita husimama kuitazama nyumba kama mlafi atazamavyo sinia ya pilau. Mwaisha aliogopa, tusidanganyane. Akida alikuwa na askari na viboko, na bila nyumba ile wanawake wa ukoo wake wangekosa pa kuzalia na pa kufia.

Lakini Akida alipenda mteremko. Akaposa. Kichwani mwake, ukimwoa mwenye nyumba umeoa na nyumba. Mwaisha akakubali upesi, hata jirani yake Mosi akapiga yowe.

"Bi Mwaisha, umerogwa? Unamwingiza chui zizini!"

"Namwingiza mkwe," akajibu. "Mjomba wangu anajua kazi ya wakwe."

Asubuhi baada ya harusi mjomba, Mzee Pazi, akabisha hodi na jembe mkononi. Akida, aliyezoea kuamkiwa, ikambidi aamkie.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Shamba la juu linakungoja."

"Mimi ni Akida!"

"Huko kwenye kodi. Hapa ni mume wa mtu."

Kwa Waluguru, wenyeji wa mlima ule, ardhi na nyumba ni za ukoo wa mama. Mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, hulima, na hula alichopakuliwa. Mlima mzima ulilijua hilo isipokuwa anayeutawala. Basi Akida akapanda mteremko na kanzu yake, akihema, na watu wakaacha kupalilia wapate kutazama.

Alivumilia hadi mavuno, akitumaini malipo. Ndipo akatangaza kwamba analeta mke mkubwa toka pwani, alale chumba cha bibi, na ndugu za Mwaisha wahame. Mwaisha akaenda kumwambia mjomba. Akida aliporudi kutoka kutoza kodi alikuta sanduku, mwavuli na viatu vyake barabarani, na wanawake wa ukoo wamekaa mlangoni, kila mmoja na mchi wake.

"Mkwe," akasema Mzee Pazi, "tumekurudisha kwenu salama."

Akida akatoka mbio kuita askari. Alipowafikia askari akajiuliza. Awaambie nini? Kwamba mwanamke amemtupa nje? Wangemcheka mpaka Ngerengere. Akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Bwana Shauri, mkubwa wa boma, alipouliza kama Bigwa kuna nyumba ya kufaa serikali, Akida, kwa kuhofia wakija watasikia alivyotupwa nje, aliapa kwamba ile kubwa ni gofu, darini chatu, vyumbani majini. Serikali ikatafuta kwingine.

Mosi alimletea Mwaisha habari hizo jikoni. Mwaisha akakaa chini, akalia kwa furaha mpaka kaniki ikalowa. Kisha akapenga kamasi.

"Jini alikuwa mmoja tu," akasema, "na alikuwa hajui kulima."