Orodha Mbili za Nyumba ya Wakfu

Siwaheshimu wazee wanaojisifu kwamba macho yao yanatosha. Nilikuwa mmoja wao, tena hodari.

Nyumba ya wakfu ya ukoo wetu iko Mji Mkongwe, na orodha ya wenye haki ya kukaa niliichapa mimi kwenye kompyuta. Binamu yangu akaiomba, akanirejeshea faili jipya baada ya wiki. "Nimesawazisha herufi tu," alisema. Mtu asiyeweza kusawazisha kofia kichwani mwake, nami nikamwamini.

Binti wa dada yangu, mwanamke mzima anayefanya kazi za kompyuta, alinambia, "Mjomba, nipe mafaili yote mawili, nikulinganishie sasa hivi." Nikamcheka. Sisi tulilinganisha kama wazee wetu: mmoja anasoma, mwengine anafuata kwa kidole, kila jina anaitikia naam.

Tukakaa barazani na kahawa. Binamu alisoma orodha ya zamani, mimi nikashika mpya. Jina la tano, naam. La kumi, naam. Kufika la ishirini kidole kilikuwa kwenye kikombe na mdomo wangu ukiitikia peke yake, kama wa mtu anayesinzia kwenye khitma. Nikatia saini kwamba orodha zote mbili ni sawa.

Mwezi uliofuata binti wa ammi yetu, mkulima wa mwani wa Jambiani, alikuja mjini kwa matibabu yake, akakuta chumba chake katika nyumba ya wakfu kina kufuli jipya. Binamu akamwambia kwa dharau, "Jina lako halimo kwenye orodha."

Hapo ndipo nilipompelekea mpwa wangu mafaili. Alifungua kioo cheusi kwenye kompyuta yake, akaandika mstari mmoja: jina la programu ya kuandikia, faili la kwanza, faili la pili. Yakasimama ubavu kwa ubavu. Majina yaliyofanana yakajikunja, ukabaki mstari mmoja wenye rangi. Kushoto jina la yule mwanamke. Kulia, vistari vitupu. Herufi nyengine hata moja haikuguswa.

"Mjomba, nyinyi mlisoma au mliimba?"

Nilikumbuka vizuri: binamu alilisoma jina lile kwa sauti, wala hakuogopa. Alikuwa ananijua.

Mpwa wangu akabonyeza herufi mbili, jina likavuka likarudi mahali pake. Kwenye kioo. Chumbani, kufuli lilikuwa pale pale, na saini yangu ilikwishafika kwa wasimamizi wa wakfu. Nikawaandikia barua ya kuifuta, nikisema sikuangalia. Kisha nikaenda Jambiani.

Nilimkuta anaanika mwani. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo jina langu lilisomwa?"

"Lilisomwa."

"Na nani akaitikia?"

"Mimi."

Akageuza fungu la mwani upande wa pili. "Kaka, mimi n'hai. Ungeniita, ningeitika mwenyewe."